Nyumba ya Timboni: Kisa cha Nyumba ya Chini ya Ardhi Nje ya Malindi

Nyumba hii iko upande wa bara wa Malindi, ndani ya timbo, yaani machimbo ya mawe, lililoachwa. Wakataji mawe walichukua walichotaka wakaacha shimo la pembe nne, kina chake mita tatu hivi, alama za msumeno bado zinaonekana kwenye mwamba. Kiwanja cha namna hiyo hakina mnunuzi. Aliyekinunua ni baharia mstaafu, serahangi (msimamizi wa mabaharia) wa meli za mizigo, na alikipendea hilo shimo. Enzi za kazi, meli yao ilitia nanga Gabès, Tunisia, wenzake wakampeleka Matmata, mwendo wa kilomita 40 hivi kutoka bandarini. Huko aliona Waamazigh wanaoishi katika vyumba vilivyochimbwa kuzunguka ua ulio chini ya ardhi. Nje jua linachoma, ndani kumetulia. Alipostaafu akataka ile ile, kwao.

Akajenga. Ukuta wa nyuma ulisimamishwa karibu na mwamba, na nafasi iliyobaki katikati ikajazwa kifusi. Juu ikamiminwa slabu ya zege, ikapakwa lami, ukamwagwa udongo wa karibu nusu mita, zikapandwa nyasi na mikilifi (miarobaini) miwili ya kivuli. Sakafu ya timbo iliyobaki mbele ikawa kiwanda, yaani ua wa wazi, na ngazi moja ya mawe inateremka kutoka juu. Vyumba vitatu vinaangalia kiwanda. Vingine viwili viko nyuma ya hivyo, havina dirisha, vina tundu la paipu tu darini.

Mimi niliitwa kuikagua baada ya masika ya pili. Maneno ya simu yalikuwa mafupi: slabu inavuja, fundi kaniibia simiti, njoo uone.

Nilichokiona hakikufanana na slabu inayovuja. Dari lilikuwa kavu karibu lote. Kuta za vyumba vya nyuma ndizo zilizokuwa na kuvu jeusi kuanzia usawa wa kiuno kwenda juu, na chini ya kiuno kulikuwa na unga mweupe wa chumvi uliokuwa ukiibandua plasta. Viatu vya ngozi ndani ya kabati vilikuwa vimeota manyoya ya kijani. Juzuu za mwenye nyumba zilishikana kurasa. Mjukuu mwenye pumu alikuwa amehamishiwa kwa shangazi yake mjini, na mama mkwe, ambaye ndiye hasa aliyewekewa chumba cha nyuma ili apumzike na joto, alikuwa amegoma kukiingia. Nilimkuta juu, chini ya mkilifi, kwenye mkeka. Nilipomwamkia na kumuuliza kulikoni, akaniambia, "Mwanangu, mwanandani nitaingia siku yangu ikifika. Si leo."

Mkwewe alicheka kusikia chumba kikifananishwa na kaburi, lakini bibi yule alikuwa amesema jambo ambalo vipimo vilikuja kulithibitisha kwa lugha nyingine.

Mwenye nyumba alikuwa amekwisha kupaka lami upya juu ya slabu, akitafuta tundu lisilokuwapo. Nikamwomba karatasi za nailoni na gundi ya kubandikia. Hiki ni kipimo cha kale na hakihitaji mtambo: bandika kipande cha nailoni ukutani, ziba kingo zote, kiache siku moja au mbili. Maji yakijikusanya upande wa chumbani, yametoka kwenye hewa. Yakijikusanya nyuma ya nailoni, yametoka ukutani. Tulibandika vipande viwili kwenye ukuta mmoja, kimoja juu na kimoja karibu na sakafu. Cha juu kililowa upande wa chumbani. Cha chini kililowa nyuma. Ukuta mmoja, maradhi mawili, na kila moja lilikuwa likificha jingine, ndiyo maana kila fundi aliyeitwa aliona nusu tu.

Nianze na la juu, kwa sababu ndilo linalosahaulika na wanaovutiwa na nyumba za chini ya ardhi wanazoziona kwenye simu zao.

Ardhi haina ubaridi wa kwake. Ukichimba nusu mita hadi mita, joto la mchana na la usiku halitofautiani tena. Ukizidi kwenda chini, hata misimu inafifia, na joto unalolikuta ni kama wastani wa joto la mwaka mzima wa mahali hapo. Siri yote ya Matmata na ya Coober Pedy kule Australia, ambako wachimba madini ya opali wanaishi ndani ya vilima, ni hiyo. Huko jangwani mchana wa kiangazi hupita nyuzi 40, usiku hushuka sana, na majira ya baridi ni baridi kweli. Ukichanganya yote unapata wastani wa kumfaa binadamu, na ardhi inakuhifadhia huo.

Malindi wastani ni nyuzi 26 au 27. Hatuna usiku wa baridi wala msimu wa baridi wa kuiteremsha hesabu. Mwezi wa moto na mwezi wa nafuu vimepishana kwa nyuzi chache tu. Kwa hiyo ukizika nyumba hapa, ardhi inakupa nyuzi 26 au 27 usiku na mchana, Machi na Agosti. Saa nane mchana wakati wa kaskazi hiyo ni neema, sikatai. Niliingia vyumba vile nikitoka juani na mwili ulishukuru. Lakini saa nane usiku, wakati nje kumeteremka hadi 24 na pepo zinavuma, ndani bado ni 27 na hakuna jani linalotikisika.

Hapo bado sijaitaja hewa ya pwani, na hiyo ndiyo iliyoviua viatu vya serahangi. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 75, jambo la kawaida kabisa kwetu, huanza kudondosha maji ikigusa kitu chenye nyuzi 25. Ukuta wa nyuma wa nyumba hii ulikuwa na nyuzi 26. Tofauti ya nyuzi moja! Hewa inayoambaa na ukuta kama huo inafika asilimia 95 hata kabla mtu hajachemsha chai, na kuvu halihitaji maji yatiririke. Likipata asilimia 80 ukutani kwa muda linaota. Ongeza sasa wali unaochemka, watu wanaooga, nguo zilizoanikwa ndani kwa sababu ya mvua, na pumzi za watu sita usiku kucha. Ukuta unatoka jasho.

Serahangi mwenyewe alikuwa amegundua jambo lililomchanganya: kuta zililowa zaidi miezi ya Novemba na Desemba, hata siku ambazo mvua haikunya. Kwake huo ulikuwa ushahidi wa paipu iliyopasuka. Kumbe ndiyo hesabu yenyewe. Mwezi Novemba hewa imeshapata joto na unyevu wa vuli, lakini ardhi bado inashikilia nafuu ya miezi ya kusi. Huchelewa nyuma ya hewa kwa wiki nyingi. Na yeye kwa nia njema alikuwa akifungua milango yote adhuhuri "nyumba ipumue", halafu anaifunga magharibi kwa ajili ya mbu. Alikuwa akiileta hewa nzito mbele ya ukuta wenye nafuu, kisha anaifungia humo. Ama ufungue moja kwa moja upepo upite, ama ufunge kabisa na uweke mashine ya kukausha hewa inayokula stima mchana na usiku. Nusu kwa nusu ndiyo mbaya kuliko zote.

Matmata hakutoki jasho ukutani kwa sababu hewa ya jangwani ni kavu. Serahangi aliuleta ua wa Matmata bila hewa yake.

Alikuwa na hoja ya kunijibu, tena hoja nzuri. Akasema, watu wa nchi hii hii walikaa mapangoni. Ni kweli. Pango la Panga ya Saidi liko katika kaunti hii hii ya Kilifi, na mwaka 2021 watafiti walitangaza kaburi la mtoto mdogo aliyezikwa humo miaka 78,000 iliyopita, kaburi la kale kuliko yote ya binadamu wa sasa yaliyokwisha kupatikana Afrika. Nikamwambia: ami, yule mtoto alizikwa mdomoni mwa pango, chini ya mwamba ulioning'inia, na ndipo watu walipokuwa wakiishi. Walikaa pale penye kivuli cha mwamba na upepo pamoja. Hakunijibu, ila aliniagizia kahawa ya pili.

Mfano wa karibu zaidi ni Gede, mji wa mawe ulioachwa karne ya 17 karibu na Watamu. Humo zimo nyumba zilizoshushwa ua chini ya usawa wa vyumba. Watafiti wameipa mojawapo jina la nyumba ya ua ulioshushwa. Angalia walichokishusha: ua, mahali pa kukaa mchana kwenye kivuli. Vyumba vilibaki juu. Mji wa kale wa Lamu nao, uliomo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, ulijengwa kwa kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa. Uzito wa kuta unachelewesha joto la mchana kama udongo unavyofanya, lakini nyumba imesimama juu ya ardhi. Kiwanda kiko wazi, hewa ya moto inapanda na kutoka, na juu darini wengi wameweka banda la makuti la kupokea kusi. Wale waliijua mihimili yote miwili, uzito na upepo. Nyumba ya timboni ilishika mmoja.

Sasa la chini, maji yanayotoka ukutani. Hili ni rahisi kulieleza na gumu kulitengeneza. Timbo ni shimo, na mvua haina adabu. Milimita 50 zikinyesha juu ya ekari moja ni lita 200,000, na ardhi yote iliyozunguka pale inateremka kidogo kuelekea shimoni. Mwamba wa matumbawe una vitundu na hunywa maji haraka, ndiyo maana timbo halikuwahi kuonekana limejaa. Lakini unga wa mawe na tope la miaka vilikuwa vimeiziba sakafu. Yale maji yalikuwa yakiingia kwenye kifusi kilicho kati ya ukuta na mwamba yakitulia humo. Yakifika kimo cha mita mbili nyuma ya ukuta, mgandamizo wake chini ni tani mbili kwa kila mita ya mraba. Ukuta ulikuwa wa mawe ya kuchonga yasiyo na chuma hata kimoja. Kusimama kwake hadi leo ni bahati. Kwa simiti yake fundi hana lawama. Kwa kujenga ukuta wa kuzuia ardhi bila mchoro wa mhandisi, anayo, na mwenye nyumba aliyeukataa mchoro kwa kukwepa gharama anayo zaidi.

Na juu ya slabu? Udongo uliolowa una uzito wa karibu tani mbili kwa mita moja ya ujazo. Nusu mita juu ya chumba cha mita nne kwa tano ni tani 20, yaani lori la mchanga lililojaa limeegeshwa juu ya kitanda chako maisha yako yote. Slabu hii ilikuwa nzima, nadhani kwa sababu vyumba ni vyembamba. Mikilifi lakini ilikuwa lazima iondoke. Mizizi yake inatafuta maji, na lami si kizuizi kwake. Mama mkwe alikasirika kupoteza kivuli chake, nami nilimpa haki.

Kulikuwa na jambo la tatu ambalo hakuna aliyeniitia, na ndilo lililonitisha kuliko kuvu. Mtungi wa gesi ulikuwa jikoni, chumba cha katikati, hatua mbili chini ya kiwanda. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja katika nyumba ya juu ya ardhi hutambaa sakafuni na kutokea mlangoni. Ikivuja shimoni haina pa kwenda, inajaa kama maji ikisubiri cheche. Gesi ikiisha, mama wa nyumba alikuwa akiwasha jiko la makaa papo hapo. Hewa ya sumu ya makaa haina harufu, na chumba cha nyuma kilikuwa na paipu moja tu ya kupumulia. Njia ya kutoka nayo ilikuwa moja, ngazi ile ile inayopita mbele ya jiko. Siku hiyo hiyo, kabla ya kuzungumza habari ya chokaa na plasta, mtungi ulipandishwa juu nje na makaa yakapigwa marufuku ndani.

Matengenezo yalifuata mpango ambao serahangi hakuupenda. Kwanza maji ya juu: tuta la udongo na mtaro kuzunguka ukingo wa timbo, ili maji ya jirani yapite kando. Sakafu ya kiwanda ikachimbuliwa tope hadi mwamba safi, pembeni likachimbwa shimo la kunywea maji likajazwa kokoto. Hilo litahitaji kusafishwa kila kabla ya masika, na mwenye nyumba asiyetaka kushika jembe asiishi shimoni.

Kisha tukafika kwenye kiini. Nilimshauri autoe kifusi chote nyuma ya ukuta. Si kupaka dawa ya kuzuia maji, si kubandika tabaka jingine la lami. Kutoa kifusi, kuacha ujia mtupu wa kupita mtu kati ya ukuta na mwamba, wazi juu, na kuuimarisha ukuta kwa nguzo za zege zilizochorwa na mhandisi. Katika ujia huo vyumba vya nyuma vitafunguliwa madirisha, upepo utapata njia ya kuingilia kiwandani na kutokea nyuma, maji yatashuka kwenye mtaro badala ya kuegemea ukuta, na ngazi ya pili ya kutokea itapata mahali.

Akaniangalia kwa muda. "Basi unanirudishia nyumba ya kawaida ndani ya shimo."

Nikamjibu kwamba ndivyo. Nilimweleza kuwa udongo wa juu ya slabu abaki nao, upunguzwe tu, kwa sababu unafanya kazi kubwa: jua letu la utosini hupiga paa kuliko ukuta, na mwenye bati anajua anachokipata saa nane mchana. Kivuli cha kuta za timbo abaki nacho. Utulivu, kwamba husikii bodaboda wala spika za harusi ya jirani, abaki nao pia. Alichotakiwa kuachana nacho ni ukuta kugusana na ardhi. Walikijadili usiku huo, mimi sikuwapo, na asubuhi mke wake ndiye aliyenipigia simu kuniambia nilete mchoro.

Plasta ya simiti ikabanduliwa kwenye vyumba vya nyuma ikapigwa ya chokaa. Chokaa hunywa unyevu na kuutoa, na chumvi ikiota juu yake unafagia; simiti huufungia unyevu ndani mpaka inabanduka yenyewe. Wazee wa Lamu hawakuwa na simiti, kwa hiyo sitawasifu kwa kuikataa, lakini matokeo ni yale yale.

Hesabu ya mwisho haina ushindi wa upande mmoja. Masika yaliyofuata ukuta wa chini ulikauka. Kuvu la juu lilipungua sana bila kwisha. Pembe moja ya chumba cha mashariki, ambako upepo haufiki, bado inafutwa kwa siki. Mchana nyumba ni ya raha bila kiyoyozi, na feni moja inatosha, kwani hewa ikitembea kidogo tu mwili unahisi nafuu ya nyuzi mbili au tatu. Usiku bado ni vuguvugu. Hapo familia ilipata suluhisho ambalo halikutoka kwangu: juu ya slabu, pale ilipokuwa mikilifi, wamesimamisha banda la makuti kwa nguzo nyepesi, mhandisi akiwa ameupima uzito wake, na miezi ya kusi wote wanalala huko juu. Mama mkwe alipata kivuli chake. Mjukuu amerudi, analala juu na wengine, na hushuka chini mchana kusoma.

Kwa gharama, serahangi ameijenga nyumba hii mara moja na nusu. Kama angeanza na ujia wa nyuma na mchoro, fedha za kifusi, lami mara mbili na plasta iliyobanduliwa zingetosha kuijenga ngazi ya pili na kubaki. Choo kimebaki tatizo: sakafu iko chini kuliko shimo la maji machafu, hivyo kuna pampu, na stima ikikatika watu hutumia choo cha juu. Mwamba wa matumbawe haukuruhusu kuchimba shimo jingine chini zaidi, maana ungepitisha uchafu hadi kisima cha jirani.

Habari zilifika Lamu. Shemeji wa serahangi ana kiwanja upande wa Shela, karibu na vilima vya mchanga, naye akataka nyumba ya kuzikwa kilimani, akisema mchanga unachimbika bila msumeno. Huyo nilimkatalia kwa simu. Mchanga mkavu hausimami. Ukichimbwa unaporomoka, na kuuzuia kunataka kuta za zege nzito kuliko za timboni. Na hata ungesimama, vilima vile ndivyo vinavyonywa mvua na kuhifadhi maji matamu ya mji wa Lamu, yakiwa yameelea juu ya maji ya chumvi ya bahari. Kila mita ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari inashikilia takriban mita 40 chini yake. Ukiipunguza juu, chumvi inapanda kwa mara hizo. Huko hakuna ujia wa nyuma wala chokaa itakayosaidia. Nilimwambia ajenge chini ya kilima, kuta nene, kiwanda katikati na makuti juu, na mchanga auache mahali pake.